Majengo ya Zamani ya Mpakani Yalindwe Pamoja na Mafundi Wake

Jengo lenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu, lililosimamishwa kati ya vita viwili vya dunia, linastahili ulinzi wa sheria kama vile ngome, kasri au msikiti wa kale. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa uashi katika chuo cha ufundi hapa Busia, mzaliwa wa Sigalame, na nasema sasa kwa sababu majengo hayo yanaisha tukiyatazama. Barabara ikipanuliwa, au ploti ikipata mnunuzi mwenye haraka, ukuta mwingine wa matofali mekundu unalazwa chini na mahali pake panainuka ghorofa nne za mawe na vioo. Sina ugomvi na ghorofa nne. Mji wa mpakani una watu wengi na wote wanahitaji pa kulala. Kinachoniuma ni kwamba tunabomoa kabla ya kujua tulikuwa na nini.

Wengi wenu mnaijua aina hii ya jengo hata kama hamjawahi kuuliza umri wake. Ukivuka mpaka hapa Busia ukashika njia ya Jinja, au ukapitia Malaba hadi Tororo na Mbale, au ukarudi nyuma kupitia Mumias hadi Kisumu, utalikuta. Chini kuna varanda yenye nguzo, na nyuma yake milango mipana ya mbao ya kukunja. Juu kuna roshani nyembamba yenye vyuma vya kuegemea, na madirisha marefu ya vibao vya kupitisha hewa. Kileleni, ukuta wa mbele umeinuliwa kuficha paa, ukapambwa kwa vidaraja, nusu duara au mistari mitatu iliyonyooka, na katikati fundi ameandika kwa saruji jina la mwenye jengo na mwaka. Main Street ya Jinja imejaa miaka hiyo. Unaweza kutembea upande mmoja wa barabara ukasoma historia nzima ya biashara ya mji ule kwa kuinua tu macho.

Miaka hiyo haikuja hivi hivi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa muda mrefu mizigo ya Uganda ilivushwa ziwani kwa meli. Kisha reli mpya ikapitia Eldoret na Malaba hadi Tororo, ikavuka Nile pale Jinja, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Pamba ya Busoga na Bukedi ikapata njia fupi ya kwenda Mombasa. Nanji Kalidas Mehta alikuwa ameshafungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua chake Kakira mwaka 1930. Nyuma ya matajiri hao walikuja wenye maduka wadogo, mafundi cherehani, makarani na maseremala, na kila mmoja alitaka pa kuuzia na pa kulala chini ya paa moja. Ndipo likaja jengo la pamoja: maduka mawili au matatu mbele, stoo nyuma yake, jikoni na choo uani, familia juu. Kabla ya ghorofa za kupanga tunazozijua leo, hii ndiyo iliyokuwa nyumba ya mjini katika eneo letu.

Fundi mkuu mara nyingi alikuwa ametoka Kutch, Gujarat au Punjab. Waliofyatua matofali, wakachota maji na kupanda jukwaa na karai kichwani walikuwa watu wa hapa. Na watu wa hapa hawakuanza kujua kazi ya mikono siku ile. Wahunzi wa milima ya Samia waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa hata kwenye mahari, kabla bati la kwanza halijashushwa kwenye behewa. Mikono hiyo iko ndani ya kuta hizo, ingawa jina lililoandikwa juu ni la mtu mwingine.

Saruji wakati huo ilikuwa bidhaa ya meli. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka 1933 kwa kuingiza saruji kutoka Uingereza. Bamburi haikuanza kuzalisha hadi mwaka 1954, na kiwanda cha Tororo, jirani yetu, nacho ni cha miaka ya 1950. Kwa hiyo fundi wa mwaka 1930 aliitumia saruji kwa kubana: kwenye vizingiti, ngazi, sakafu ya roshani na yale mapambo ya mbele. Ukuta wenyewe aliujenga kwa matofali ya kuchoma na mota ya chokaa, milango akaichonga kwa mvule ambao mchwa hawauwezi. Asiyelijua hilo akilikarabati jengo la namna hii, ataliua.

Nitaeleza kwa nini. Kuna jengo moja ninalowapeleka wanafunzi wangu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Upande wa kushoto wa ukuta wa mbele haujaguswa tangu ulipojengwa. Ninampa kijana msumari na kumwambia akwaruze kati ya tofali na tofali. Unga mweupe unadondoka, msumari unaingia kidogo, kisha unakwama. Hiyo ni chokaa, laini kuliko tofali, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Upande wa kulia, mpangaji mmoja alipiga plasta ya saruji juu ya matofali ili duka lake lionekane jipya. Kijana anagonga kwa kifundo cha kidole na tunasikia uwazi nyuma. Pale plasta ilipobanduka, tofali linamomonyoka kiganjani na kurudi kuwa udongo.

Hapo ndipo somo linapoanza. Ukuta wa matofali hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua. Mota na lipu ya chokaa huyaruhusu yatoke tena, na jua linapowaka ukuta unakauka. Ukiupaka saruji umeyafungia maji ndani, ni kama kumvika koti la plastiki mtu anayetoka jasho. Chumvi iliyoyeyuka kwenye maji hayo inaganda ndani ya tofali na kulipasua kidogo kidogo. Mwenye duka anaona madoa, anaongeza saruji, na madoa yanarudi makubwa zaidi. Mwishowe anaambiwa jengo limechoka, libomolewe. Jengo halikuchoka. Lilitibiwa kwa dawa isiyokuwa yake. Tiba yenyewe ni rahisi: bandua saruji, acha ukuta ukauke msimu mzima wa jua, kisha ziba viungo kwa mota ya chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Chokaa ya kuchomwa ipo Koru, Kaunti ya Kisumu. Haitoki ng'ambo.

Tazameni pia jinsi jengo hilo linavyopambana na joto. Tuko karibu kabisa na ikweta. Jua la saa sita liko utosini, na linaloingia nyumbani na kuchoma ni lile la asubuhi na la jioni, linalokuja likiwa chini. Varanda inalizuia kabla halijagusa mlango. Roshani inaukinga ukuta wa duka, na ukingo wa paa unaikinga roshani. Ndani, dari iko juu sana, na kati ya dari na mabati hewa moto ina matundu ya kutokea. Juu ya kila mlango kuna uwazi wenye vibao ambao haufungwi kamwe, hivyo hata mlango ukitiwa kufuli usiku hewa inaendelea kupita kutoka barabarani hadi uani. Ingia ndani ya jengo hilo saa nane mchana mwezi wa Februari, kisha uingie katika bedsita mpya yenye dirisha moja la alumini linalotazama ukuta wa jirani. Hutahitaji mtu wa kukueleza tofauti. Mpangaji wa bedsita hiyo analipa umeme wa feni mchana na taa mchana, kwa sababu mjenzi alijaza ploti ukuta kwa ukuta na kusahau ua.

Ua ndio moyo wa nyumba hizi. Maji ya mvua hushuka kutoka kwenye mabati na kuingia tangini, nguo huanikwa, watoto huonekana, na mwanga hufika hadi chumba cha nyuma. Mchoraji wa leo anayetaka kujenga vyumba ishirini kwenye ploti ya mjini anaweza kujifunza mengi kwa kupima ua mmoja wa zamani. Nami ninapotetea majengo haya, kwanza kabisa natetea kitabu ambacho wanafunzi wangu bado wanakisoma.

Kuna pingamizi moja zito na sitalikwepa. Mtu ataniuliza, mwalimu, tulindeje nyumba ambayo babu zetu hawakukubaliwa kupanga ndani yake? Ni kweli. Miji ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: Mzungu kilimani, Mhindi kwenye barabara ya maduka, Mwafrika nje ya mji au kwenye landhi. Fundi cherehani Mwafrika aliketi varandani na mashine yake, akishona kitambaa kilichouzwa ndani. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya serikali hadi mengi yaliporudishwa kwa wenyewe miaka ya 1990. Upande wetu wa Kenya, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwaondoa wengi katika miji midogo, na wafanyabiashara Waafrika wakashika maduka yao. Jengo moja lenye varanda limeyaona yote hayo: aliyelijenga, aliyezuiwa kuingia, aliyefukuzwa, aliyelirithi. Ukilibomoa hufuti dhuluma iliyotendeka. Unafuta ushahidi wake.

Asmara imelijibu swali hili kwa vitendo. Sehemu kubwa ya katikati ya mji huo ilijengwa na Waitaliano kati ya 1935 na 1941, chini ya utawala wa kifashisti uliowabagua Waeritrea kwa sheria. Hapo kuna kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938, kazi ya Giuseppe Pettazzi, chenye mabawa mawili marefu ya zege yanayoelea bila nguzo. Kuna sinema ya Impero ya mwaka 1937. Na kuna Palazzo Falletta, jengo kubwa la nyumba za kupanga la miaka hiyo hiyo ya 1930. Waeritrea walipopata uhuru mwaka 1993 wangeweza kuyavunja yote, na nani angewalaumu? Badala yake mwaka 2001 walichora mpaka wa eneo la kihistoria na kudhibiti ujenzi ndani yake. Mwaka 2017 UNESCO ikauweka mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Na jambo ninalolipenda zaidi ni hili: eneo lililolindwa halikuishia kwenye barabara za Waitaliano. Mtaa wa Aba Shawl, walikosukumwa wenyeji, nao umo. Roshani ya mkoloni na uchochoro wa mwenyeji vimewekwa katika kumbukumbu moja, vitoe ushahidi pamoja.

Mumbai nayo, ambako wengi wa mafundi na wenye maduka wa kwetu walipandia meli, imeshika njia hiyo. Kando ya uwanja wa Oval na ufukwe wa Marine Drive kuna majengo ya nyumba za kupanga ya miaka ya 1930, yenye roshani za kuviringa na mapambo ya mistari yanayofanana sana na yale ya Jinja na Tororo. Wakazi wenyewe, watu wanaoanika nguo kwenye roshani hizo, ndio waliojiunga na wasanifu kusukuma ombi kwa miaka mingi. Mwaka 2018 kundi la majengo 94 ya eneo hilo likaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia, yale ya karne ya 19 pamoja na yale ya kati ya vita. Hawakungoja jengo liwe kasri ndipo lilindwe. Walisema nyumba ya kupanga iliyojengwa vizuri ni urithi, wakashinda.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta watu wakubwa wa fani hii. Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt kati ya 1925 na 1930, mmoja wa mabingwa wa nyumba za kupanga wa enzi hizo duniani, alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934 na kukaa huku karibu miaka 20. Alianza kwa kulima Tanganyika, kisha akafungua ofisi Nairobi, ambako jengo lake la Kenwood House la mwaka 1937 lingali limesimama. Alipanga vitongoji vya Kololo na Naguru mjini Kampala, na akachora jumba la makumbusho la Uganda lililokamilika mwaka 1954. Jumba hilo lilikaribia kutoweka. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa serikali wa kujenga kituo cha biashara cha ghorofa 60 kwenye uwanja wake. Mashirika ya kutetea urithi yalikwenda mahakamani, kelele zikapigwa, na jumba lingali pale Kitante, watoto wa shule wakiingia kila siku. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wameonyesha kwamba raia wakisimama, tingatinga linaweza kungoja.

Lakini kuorodhesha peke yake hakutoshi, na hapa nataka wanaoshabikia urithi wanisikilize vizuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Cheo cha urithi hakikuushika ukuta. Ukuta hushikwa na mota, na mota hushikwa na fundi anayeijua, aliyeitwa mapema.

London kuna kisa kingine kinachofundisha hilo hilo. Jengo la Lawn Road Flats lilifunguliwa mwaka 1934, kazi ya Wells Coates, la zege tupu lililopakwa rangi nyeupe, lenye vyumba vidogo vya watu wa kipato cha kadiri na jiko la pamoja. Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliishi humo. Mwaka 1974 liliorodheshwa na sheria, na mwaka 1999 likapandishwa daraja la juu kabisa la ulinzi. Lakini katikati ya tarehe hizo mbili lilikuwa linaoza: zege lilipasuka, vyuma vikashika kutu, wapangaji wakahama. Lililoliokoa ni mpango wa matumizi. Kati ya 2003 na 2004 shirika la nyumba na wasanifu wa Avanti walilikarabati, nyumba nyingi zikatengewa watu wa huduma muhimu kama walimu na wauguzi, na baadaye gereji ya zamani ikafanywa ukumbi wa maonyesho ya historia yake. Leo lina watu, na kwa sababu lina watu kuna wa kupiga simu paa likivuja.

Humu nchini tuna mfano wa karibu. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 na yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ililindwa kwa sheria yake yenyewe tangu zama za ukoloni, lakini sheria haikuzuia vumbi kujaa. Kilicholeta matumaini ni pale shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoingia makubaliano na serikali ya kaunti na kuanza kurudisha uhai katika maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Walianza na wasomaji, wakiwauliza wanataka nini, kisha ndio wakaingiza mafundi. Sisi tufanye vivyo hivyo na wapangaji na wenye maduka.

Mwenye lile jengo ninalowapeleka wanafunzi ni mama mjane, jengo aliachiwa na marehemu mumewe. Nilipomweleza habari ya kuorodhesha alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwalimu, wakiniandika kwenye hicho kitabu chao, mabati nani atanilipia?" Sijapata kusikia hoja ya maana zaidi kuhusu urithi kuliko hiyo. Sheria inayomkataza kubomoa bila kumsaidia kutunza ni sheria inayomhukumu yeye pamoja na jengo. Na kuna hatari nyingine: mwenye ploti akisikia uvumi kwamba jengo lake litalindwa, na akaona ulinzi ni hasara tupu, atalibomoa usiku kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kwa hiyo orodha na msaada vije siku moja.

Sheria za kufanya hivyo tunazo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, mamlaka ya kutangaza jengo lenye umuhimu wa kihistoria kuwa la kulindwa kupitia Gazeti Rasmi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, na inazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni na makavazi. Na kaunti ndizo zinazotoa idhini ya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hakuna anayehitaji kungoja Nairobi ndipo ahesabu majengo ya Busia.

Nawaomba basi waheshimiwa wa bunge la kaunti na wataalamu wa mipango ya miji wafanye mambo matano. Kwanza, iandaliwe orodha ya majengo yote ya kabla ya mwaka 1940 katika kaunti, kuanzia Malaba hadi Port Victoria: maduka ya varanda, nyumba za misheni, ofisi za zamani za utawala, na pia landhi na nyumba za wafanyakazi wa reli. Tusirudie kosa la kulinda cha tajiri na kusahau cha kibarua. Vyuo vya ufundi vina vijana wanaojua kushika kamba na kuchora ramani. Wapewe kazi hiyo walipwe posho, na kila jengo lipimwe, lipigwe picha, na wazee wanaolijua wahojiwe.

Pili, orodha ikianza kuandaliwa, asipewe mtu kibali cha kubomoa jengo la umri huo kabla halijakaguliwa. Ukaguzi uwe wa haraka na wenye tarehe ya mwisho, ili mwenye mali asifungwe mikono bila jibu. Tatu, mwenye jengo lililoorodheshwa anayelitunza apunguziwe kodi ya ardhi, na akubaliwe kujenga nyuma ya ploti, mradi sehemu ya mbele, varanda na ua vibaki. Mama yule akiruhusiwa kujenga vyumba sita nyuma, vyumba hivyo ndivyo vitakavyomnunulia mabati.

Nne, ufundi wa chokaa, wa matofali ya kuchoma na wa milango ya mvule uingizwe katika mafunzo ya vyuo vyetu, na kaunti iwe mteja wa kwanza kwa kutengeneza majengo yake yenyewe kuukuu kwa mikono ya vijana hao. Kijana anayeujua ufundi huo Busia atapata kazi Kisumu, Jinja, Mombasa na Lamu, kwa maana wanaoujua ni wachache na wanazeeka. Tano, Busia na jirani zake wa Uganda washirikiane. Kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kinashughulikia shehena za pande mbili chini ya paa moja. Kinachowezekana kwa malori kinawezekana kwa majengo yaliyojengwa na mafundi wale wale kwa matofali yale yale.

Haya hayahitaji mabilioni. Orodha ni kazi ya vijana, kamba za kupimia na muda. Punguzo la kodi ni uamuzi. Mafunzo ya chokaa yanahitaji mchanga, chokaa na mwalimu, na mwalimu mmoja tayari yupo. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kabla haijapitishwa. Mkutano ujao nitafika na michoro ya wanafunzi wangu, nitaomba mafunzo hayo na orodha hiyo vitengewe fungu lao, kwa jina na kwa kiasi. Wenye majengo, wapangaji, mafundi na nyinyi mnaopita chini ya varanda hizo kila siku mvua ikinyesha, njooni tuombe pamoja.